Bei ya Moto wa Mwaka Ujao

Waliokuwapo siku ile ni hawa. Akwilini Nampota, mwenye nyumba na mwenye tanuru la mikate. Gaudensi Nampota, mwanawe wa kiume, aliyepeleka mikate kwa wateja kwa pikipiki. Fabiani Chilumba, mwalimu mstaafu wa hesabu, jirani yao. Somoe binti Likapa, mwenye mgahawa wa chai pale stendi. Ukiiacha shule ya bweni, hakuna aliyenunua mikate mingi kumzidi. Ausi Makupa, wakala wa kampuni ya gesi, aliyekuja na mkoba. Hao watano walikaa vitini. Wa sita alikuwa Ediltruda Nampota, binti wa mwenye nyumba. Yeye aliketi kizingitini, nusu ndani na nusu nje, kwa sababu mikate ilikuwa tanurini.

Akwilini huyu alikuwa na tanuru alilolijenga kwa mikono yake, kwa matofali na udongo wa kichuguu, katika mji mdogo wa Namkwera, ambao kutoka pwani ni mwendo wa siku nzima kwa lori. Tanuru lilikula kuni, na kwa habari ya kuni nyumba ile ilikuwa na sheria moja: mkate wa mwaka huu huokwa kwa kuni za mwaka jana. Kila kiangazi, mikorosho ilipopogolewa, kuni zilikatwa, zikapasuliwa, zikapangwa katika banda nyuma ya nyumba, na zikakaa humo masika yote bila kuguswa. Zilizochomwa ni zile za mwaka uliotangulia. Hakuna aliyethubutu kuchomoa hata gogo moja upande wa kuni changa. Watu wa Namkwera walitania kwamba kwa Nampota hata moto una akiba.

Aliyeiweka sheria ni Akwilini. Aliyeitimiza ni mkewe, Apolonia. Na Apolonia alipofariki kwa kifua, kazi ilimwangukia Ediltruda. Alikuwa ameolewa, akaachika, akarudi kwa baba yake, na hakuna aliyeona ajabu kumkuta kila alfajiri ndani ya moshi. Yeye ndiye aliyekata kuni, akazibeba, akazipasua na kuzipanga. Kisha akaziwasha na kusimama mbele ya mdomo wa tanuru mpaka mikate iive.

Katika miaka ya karibuni alianza kukohoa. Kwanza alikohoa asubuhi tu, baadaye asubuhi na jioni. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, akaiacha kwa kukosa pumzi. Tabibu wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akamwambia maneno machache: mama, toka kwenye moshi, la sivyo kifua hiki hakitakufikisha mbali. Ediltruda alimweleza baba yake bila kuongeza wala kupunguza. Akwilini hakulala vizuri. Alimpenda binti yake. Ndiyo maana wakala wa gesi aliitwa.

Ausi Makupa alieleza vizuri. Gesi asilia hutoka chini ya ardhi kule pwani. Kampuni huishindilia katika mitungi mirefu ya chuma na kuileta kwa lori hadi Namkwera. Siku moja bomba litafika, na lori litapumzika. Moto wake hauna moshi. Mwaka wa kwanza, alisema, bei yake italingana na ya mkaa. Mwaka wa pili itashuka chini ya mkaa. Kisha itashuka chini ya umeme, chini ya mafuta ya taa, chini ya kila kitu kinachowaka.

"Itashuka mpaka mtugawie bure?" akauliza Somoe binti Likapa. "Mwanangu, nimeuza chai tangu hujazaliwa. Sijaona kitu kinachoshuka bei kikishajua kwamba unakihitaji."

"Lakini hii ni yetu, Bi Somoe. Iko chini ya miguu yetu."

"Na korosho je, si zetu? Anayezipangia bei ni wewe?"

Walicheka wote, hata Makupa mwenyewe. Kutoka kizingitini Ediltruda naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Mwalimu Chilumba aliombwa aseme, kwa kuwa alizoea kulinganisha mambo. Alisema kwamba kila moto una bwana wake. Mkaa huufuata msitu, na msitu unazidi kwenda mbali. Umeme hungoja mvua ijaze mabwawa. Mafuta hufuata vita vya watu ambao hatuyajui majina yao. Jua halimtumikii mtu, lakini vioo vya kulikamatia vina mwenye duka, na tanuru la mikate huwashwa kabla jua halijatoka. Gesi nayo, alisema, ni yetu maadamu hakuna mwingine anayeitaka. Siku ambayo meli ya ng'ambo itafika kuichukua, bei ya ng'ambo itashuka kutoka melini, itapanda lori, itakuja kukaa pamoja nasi kwenye meza hii.

"Basi bei ya mwaka ujao ni ipi, Mwalimu?" akauliza Gaudensi.

"Sijui. Na Bwana Makupa hajui. Tofauti yetu ni kwamba yeye analipwa ili ajue."

Makupa hakukasirika. Aliomba aambiwe nyumba ile inatumia nini kwa kuni, apate kulinganisha. Akwilini alishangaa kuulizwa.

"Kuni ni bure," alisema.

Hakuna aliyebisha. Mikorosho ilikuwa yake, shoka lilikuwa lake, na mikono iliyoshika shoka ilikula mezani pake. Somoe binti Likapa aligeuza uso kuelekea kizingitini, lakini Ediltruda alikuwa amekwenda kutoa mikate.

Akwilini aliamua kama baba. Alisema atalipia moto usio na moshi, hata kama ni ghali kuliko wa bure, ili binti yake apumue. Wote waliona ni uamuzi mwema, na ulikuwa mwema. Ediltruda aliporudi, akiwa na unga mpaka viwikoni, aliambiwa habari ile. Alipiga magoti kidogo, akashukuru. Halafu akauliza jambo moja, kwa kuwa kilikuwa kiangazi na mikorosho ilikuwa imekwisha kupogolewa.

"Baba, kuni za mwaka ujao nikate au nisikate?"

"Ukate za nini, dada?" alisema Gaudensi. "Unaachishwa moshi, bado unautafuta?"

Mwalimu Chilumba alisema zikatwe. Atafutwe kijana mwenye nguvu, alipwe, akate na kupanga kama desturi. Zisipochomwa, hazitaoza, na mtu atalala usingizi. Akwilini alisema maneno ambayo alikuja kuyakumbuka baadaye. Alisema kuni hazijawahi kulipiwa katika nyumba ile, naye hawezi kumlipa mtu kwa kitu cha bure. Tena banda lilihitajika, maana kampuni ilitaka mitungi ikae chini ya paa.

Basi kuni zote zilizokuwa bandani ziliuzwa kwa wachoma matofali, ambao walizipakia kwa wimbo. Fundi wa kampuni alitoboa tanuru ubavuni, akapitisha bomba. Akwilini alivaa koti, akaenda shule ya bweni ya wasichana, akamwambia mkuu wa shule kwamba bei ya mkate haitabadilika mwaka mzima. Mkuu wa shule alitaka kumwandikia mkataba. Akwilini alikataa. Alisema neno lake linatosha, na Namkwera nzima ilijua kwamba linatosha.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa mizuri. Moto uliwaka kwa kuzungusha kitasa, wa buluu, bila sauti kubwa. Ediltruda aliamka kulipopambazuka, si kabla. Kikohozi kilipungua, kikabaki cha asubuhi, kikatoweka. Aliongezeka mwili. Mwezi wa Septemba alirudi kwenye kwaya, akasimama mahali pake pa zamani, na waliokaa viti vya mbele wanasema sauti ya pili ilikuwa imepungukiwa naye muda wote bila wao kujua ni nini kilichokosekana. Somoe binti Likapa alimkuta sokoni, akamshika mkono na kumzungusha kama bibi harusi.

"Tazama shingo hii! Gesi imekuoa, wewe."

"Na mahari kailipa Baba," alijibu Ediltruda.

Mwezi wa Desemba, Ausi Makupa alikuja bila mkoba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alisema bei imepanda. Kampuni ilikuwa imepata mnunuzi ng'ambo anayelipa zaidi, na kiwanda kimoja cha pwani kimekubali kulipa kama yule wa ng'ambo ili kisikose. Kinachobaki ndicho kinachopanda lori kuja bara, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua mara mbili, kwa hiyo mwenye lori naye alikuwa na bei yake. Alisema hali hiyo ni ya muda. Mwezi wa Februari bei ilipanda tena.

"Si mimi, Mzee Nampota," alisema Makupa. "Mimi nasomewa tu, nami nakuja kuwasomea nyinyi."

Akwilini alipiga hesabu, akaipiga tena pamoja na Mwalimu Chilumba. Kila mkate uliokwenda shuleni ulikula moto wenye thamani kubwa kuliko mkate wenyewe. Hapo watu walewale walikaa tena vitini. Gaudensi alisema waende shuleni waeleze, maana shule ni watu, wataelewa. Somoe binti Likapa alisema wamwongezee bei yeye kwanza.

"Wanywa chai wangu watanung'unika, kisha watazoea. Manung'uniko hayajamwua mtu hapa Namkwera."

Akwilini alikataa yote mawili. Alisema neno lake ni moja.

"Neno ni moja, Mzee," alisema Mwalimu Chilumba. "Bei ndizo nyingi."

Lakini Akwilini alikuwa amekwisha kuona njia. Tanuru lilikuwa bado tanuru. Bomba lingeweza kuzibwa kwa udongo. Bei ya gesi itashuka, wakala amesema itashuka, ni suala la miezi tu. Na mpaka ishuke, watarudi kwenye kuni, ambazo ni bure. Aliyasema haya kwa utulivu, kama mtu anayekumbuka kwamba ana shamba jingine. Hakuna katika waliokaa vitini aliyempinga kwa sauti. Gaudensi alitumwa shambani na shoka.

Masika yalikuwa yamefika katikati. Gaudensi alileta matawi ya mikorosho, mengine aliyakata, mengine yalikuwa yameangushwa na upepo wiki ile. Aliyashusha uani. Yalikuwa na majani, na ukikwangua ganda kwa ukucha, chini yake palikuwa kijani. Ediltruda aliyatazama. Aliinama, akashika tawi moja, akalipima uzito mkononi, akaliweka chini.

"Baba," alisema, "hizi si kuni. Hizi bado ni miti."

"Zitakauka zikiwaka," alisema Akwilini.

Aliyewahi kuchoma mti mbichi anajua. Mti mbichi hulia. Hutoa povu kwenye ncha, na moto unaokusudiwa kuoka mkate huishia kuyakausha maji ya mti. Moshi wake ni mweupe na mzito, haupandi, hurudi kwa aliyeuwasha. Tanuru ambalo kwa kuni kavu lilikuwa tayari alfajiri, sasa lilihitaji mtu kusimama mbele yake tangu usiku, akipuliza na kuongeza.

Na hili lisemwe kwa haki: hakuna aliyemlazimisha Ediltruda. Gaudensi alisema atasimama yeye mahali pake, na alisimama. Mikate yake ilikuwa myeusi nje na mibichi ndani, na shule iliirudisha. Akwilini naye, mzee mwenye magoti mabovu, alijaribu, akashindwa na macho. Siku ya tatu Ediltruda alijifunga kanga puani na mdomoni, akawaondoa wote wawili. Alisema wasichana wa shule hawana kosa, na kwamba baba yake aliahidi. Gaudensi alimwambia asubiri kidogo, bei itashuka.

"Ikishuka utaniita," alisema Ediltruda. "Nipo hapa."

Mikate ilifika shuleni kila asubuhi, kwa bei iliyoahidiwa, mpaka muhula ukafungwa. Kikohozi kilirudi, na safari hii hakikuchagua asubuhi wala jioni. Tabibu wa zahanati alimsikiliza tena mgongoni, akauliza kama hakumwambia. Jumapili ya Matawi Ediltruda alikwenda kanisani, lakini alikaa viti vya nyuma, karibu na mlango, na hakuimba. Katika kikao cha wazazi, mkuu wa shule alimtaja Akwilini Nampota kwa jina mbele ya watu wote. Alisema katika mwaka ambao kila kitu kilipanda, mtu mmoja Namkwera alisimama na neno lake. Watu walimpigia makofi. Akwilini alisimama, akatoa kofia, akakaa.

Nimewapeni majina yote kama yalivyo, ili msije mkadhani nasema habari za nchi ya mbali. Nyinyi mnaosikia mmewahi kukaa katika sebule ile. Mmewahi kuweka moto mezani, huu wa gesi, huu wa mkaa, huu wa maji, huu wa jua, na kuuliza upi utakuwa rahisi mwaka ujao. Na swali hilo si baya, watu wenye nyumba lazima waulize. Mtu akiniuliza mimi, nitamjibu kama Mwalimu Chilumba, kwamba sijui. Ninalowauliza ni jingine. Katika hesabu zenu za nyumbani, ni kitu gani mmekiandikia kwamba ni bure, na ni nani anayekibeba?

Ausi Makupa hakuwa mwongo. Mwezi wa Agosti bei ya gesi ilishuka chini ya mkaa, kama alivyosema sebuleni, naye alikuja mbio na mkoba wake kuwapa habari. Alimkuta Akwilini Nampota peke yake uani, akipanga kuni bandani, kuni za mwaka ujao, ambazo alikuwa amemlipa mtu kuzikata.

Ediltruda Nampota alifariki mwezi wa Mei.